Ngazi Inapandika kwa Nani?

Masika yakikolea, tangazo huwa moja: barabara haipitiki. Msikilizaji haulizi ni nani aliyejaribu kuipita, wala kama kuna gari lililokwama. Ameelewa. Kilichotajwa ni barabara, lakini imetajwa kwa kile ambacho mguu na gurudumu haviwezi kukifanya juu yake. Shuleni tulifundishwa kuiita kauli ya kutendeka. Kitenzi kinapokea -ika au -eka mwishoni, au -lika na -leka pale mzizi unapoishia kwa irabu, na hapo tunapata nyumba isiyokalika, maji yanayonyweka, mwandiko usiosomeka, mzigo unaobebeka, mto unaovukika.

Nimekuwa nikiitafakari kauli hii kwa sababu ya mtu mmoja ambaye, kwa kadiri nijuavyo, hakuwahi kuandika neno la Kiswahili. Mwanasaikolojia Mmarekani James J. Gibson alichunguza kuona kwa takriban nusu karne, na kuelekea mwisho wa kazi hiyo alihitaji istilahi ambayo hakuipata katika kamusi ya lugha yake. Akaiunda: affordance. Katika kitabu chake cha mwaka 1979, kilichotoka miezi michache kabla ya kifo chake, alieleza wazi kwamba kitenzi kilikuwemo kamusini ila nomino aliitunga yeye. Maana yake ni yale ambayo mahali au kitu kinampa kiumbe nafasi ya kuyafanya, yawe ya heri au ya shari. Istilahi hiyo imesambaa, kutoka saikolojia hadi usanifu wa majengo, utengenezaji wa roboti na uundaji wa programu za simu. Sisi tunaoandika kwa Kiswahili bado tunaizunguka kwa mafungu ya maneno, au tunaiita "fursa", neno linalobeba nusu yake tu. Hoja yangu ni kwamba atakayemleta Gibson katika Kiswahili aanzie kwenye kauli ya kutendeka. Zana iko tayari katika sarufi.

Gibson alizaliwa mwaka 1904 katika mji mdogo wa McConnelsville, jimbo la Ohio. Baba yake alikuwa mtu wa reli, na mtoto akakua akisafiri kwa treni. Baadaye aliandika kwamba alipofika umri wa miaka 8 alikuwa ameshajua dunia inavyoonekana kutoka kwenye treni: ukisimama sehemu ya nyuma ya behewa la mwisho, mandhari inajikusanya na kuingia ndani; ukiwa kwenye kichwa cha treni, inafunguka na kutawanyika kuelekea nje. Watoto wengi wameliona hilo. Yeye hakuliacha lipite.

Alipata shahada ya uzamivu Princeton mwaka 1928, akaenda kufundisha Smith College, chuo cha wanawake huko Northampton, Massachusetts. Hapo alikutana na watu wawili waliomjenga. Mmoja ni Kurt Koffka, Mjerumani, miongoni mwa waasisi wa saikolojia ya Gestalt, ambaye semina zake Gibson alizihudhuria kwa miaka. Mwingine ni mwanafunzi aliyeitwa Eleanor Jack. Walioana mwaka 1932, na jina la Eleanor Gibson litarudi katika makala haya, kwa kuwa bila majaribio yake istilahi za mumewe zingebaki na ushahidi mchache.

Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyomvunjia Gibson misamiati ya zamani. Alitumikia kitengo cha saikolojia cha jeshi la anga la Marekani, akitengeneza vipimo vya filamu vya kuchagua na kufunza marubani. Vitabu vya wakati ule vilikuwa na orodha ya dalili za kina: macho mawili kupata picha zinazotofautiana kidogo, misuli ya jicho kujikaza kwa kitu cha karibu, kitu kimoja kukikinga kingine. Vipimo vilivyojengwa juu ya orodha hiyo havikusaidia kutabiri ni mwanafunzi gani angefaulu kuwa rubani. Gibson akauliza rubani anayetua anaona nini hasa. Jibu lilikuwa lile la treni. Sehemu ambayo ndege inaiendea imetulia palepale, na kila kitu kingine, nyasi, mistari ya njia ya kutua, miti ya pembeni, kinatiririka kutoka hapo kuelekea kingoni mwa macho. Sehemu iliyotulia inakuambia unakoelekea. Kasi ya kutawanyika inakuambia umebakiwa na muda gani kabla ya kugusa ardhi.

Kwa mtiririko huo Kiswahili hakipati shida. "Mtiririko" ni neno la maji, linasikika sawasawa hata likitumika kwa nuru. Sehemu iliyotulia ningeiita kitovu cha mtawanyiko. Kitovu tunacho katika mwili na katika kitovu cha mji, na kote kina maana ya mahali ambapo mambo yanaanzia na kuenea. Msomaji ataelewa bila maelezo ya pembeni.

Kitabu cha kwanza cha Gibson kilitoka mwaka 1950, na ndani yake aliiweka ardhi mahali pake. Waliomtangulia walizungumzia umbali kama mstari unaokatisha hewani kutoka jichoni hadi kwenye kitu. Mstari wa namna hiyo hauonekani, kwa hiyo ilibidi akili iukisie. Gibson alisema tunaishi juu ya ardhi na tunaona juu ya ardhi. Changarawe za miguuni ni kubwa na zimeachana, za mbali ni ndogo na zimesongamana, na badiliko hilo la polepole ndilo linaloonyesha uwanda unavyonyooka kwenda mbali. Katika jaribio la uwanjani, watu waliombwa kukadiria urefu wa vigingi vilivyochomekwa kwenye shamba tambarare. Makadirio hayakupungua hata pale kigingi kilipokuwa mwendo wa dakika 10 kwa miguu na kikianza kuwa vigumu kukiona. Kilikuwa kidogo jichoni, lakini kwa mtazamaji kilibaki na kimo chake.

Hapa panahitaji kusimama kidogo, maana ndipo penye neno gumu kuliko yote. Kile ambacho elimu ya Gibson inakichunguza tukiite nini kwa Kiswahili? "Uoni" umeshachukuliwa na tiba: tunasema mtu ana uoni hafifu. "Mtazamo" umegeuka kuwa maoni, na kila mzungumzaji mkutanoni anao wa kwake. "Utambuzi" unavutia, lakini siku hizi umeshikwa na taaluma za akili na maarifa, kama katika isimu tambuzi, na zaidi ya hapo unadokeza kwamba jicho lilipeleka malighafi na akili ikatambua baadaye. Hiyo ndiyo nadharia ambayo Gibson alipambana nayo. Katika karne ya 19 mwanasayansi Mjerumani Hermann von Helmholtz alikuwa ameifundisha dunia kwamba tunachokiona ni hitimisho: jicho linapata hisi chache zisizotosha, na akili, bila kujijua, inakisia ulimwengu uliozisababisha. Anayechagua "utambuzi" amempa Helmholtz ushindi kabla mjadala haujaanza.

Mimi nabaki na "kuona", kitenzi-jina kisicho na pambo. Gibson alisisitiza kuwa kuona ni tendo, na Kiswahili kinatuwezesha kulitaja kama nomino bila kulipoteza kama tendo. Faida nyingine imo katika upana wake. Twasema naona baridi, naona njaa, naona haya. Upande wa pili twasema nasikia harufu, nasikia kiu. Vitenzi vyetu vya hisi havikugawiwa kiungo kimoja kimoja. Mwaka 1966 Gibson alichapisha kitabu kizima kikidai kwamba hisi zisihesabiwe kama mifereji mitano inayoingiza habari, bali kama mifumo ya mwili unaotafuta: jicho limo ndani ya kichwa kinachogeuka, kichwa kimo juu ya kiwiliwili kinachotembea. Sisemi kwamba wahenga wetu waliijua nadharia hiyo. Lugha ni jambo moja na ugunduzi ni jambo jingine, na ugunduzi huu uligharimu maabara na miaka. Nasema tu kwamba mfasiri hana sababu ya kwenda kuazima.

Lipo pia neno "inaonekana", ambalo limebeba kambi zote mbili. "Inaonekana mvua itanyesha" ni lugha ya Helmholtz: nina dalili, nakisia. "Kutoka hapa mlima unaonekana" ni lugha ya Gibson: mlima upo, nuru imeufikisha, kazi yangu ni kuinua macho. Anayeandika juu ya kuona kwa Kiswahili ajue kila mara anatumia "inaonekana" ipi.

Na nuru nayo ilimlazimu Gibson aigawe mara mbili. Fizikia inashughulikia mwanga unaotoka kwenye chanzo, jua au taa. Kiumbe hahitaji kukodolea chanzo hicho. Anachoishi ndani yake ni mwanga uliokwisha kugonga kuta, majani, udongo, ukadunda na kudunda tena mpaka kila pahali anapoweza kusimama pakajaa mpangilio unaotokana na vitu vilivyopo. Nashauri tuuite wa kwanza mwanga na wa pili mwangaza. Matumizi ya kila siku yanaunga mkono: tunasema mwanga wa taa, lakini chumba kina mwangaza, na anayeshona huambiwa asogee kwenye mwangaza. Mwangaza ni kitu ambacho mtu yumo.

Tangu mwaka 1949 Gibson alifundisha Chuo Kikuu cha Cornell, jimbo la New York, na huko alikuwa na desturi ninayoipenda kuliko vitabu vyake. Kwa ajili ya semina aliandika karatasi fupi, akazirudufisha kwa wino wa zambarau na kuzigawa ili zibishaniwe. Mara nyingi hoja ilikuwa neno moja: lina maana gani, limetumika ovyo wapi, libadilishwe na lipi. Wanafunzi walizibandika jina la utani lenye maana ya hatari za zambarau. Mtu aliyekwisha kuwa na sifa alikuwa tayari kuivunja istilahi yake mwenyewe ya miaka kumi iliyopita na kuiunda upya mbele ya vijana.

Eleanor alifika naye Cornell, na chuo kilikuwa na kanuni iliyozuia mume na mke kuajiriwa pamoja. Kwa miaka 16 alifanya utafiti pale bila cheo cha ualimu, akitegemea maabara za wengine, mpaka katikati ya miaka ya 1960 alipopewa uprofesa. Katika kipindi hicho hicho alifanya jaribio ambalo kila mwanafunzi wa saikolojia analijua. Yeye na mtafiti mwenzake Richard Walk walitengeneza meza ya kioo kizito. Upande mmoja kitambaa cha mirabaraba kilikuwa chini tu ya kioo. Upande wa pili kitambaa kilikuwa mbali chini, kwa hiyo macho yaliona shimo ingawa mkono ungegusa kioo. Katikati ulilazwa ubao. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 1960 yalihusu watoto 36, wenye umri wa miezi 6 na nusu hadi 14, walioitwa na mama zao kutoka pande zote mbili. Watoto 27 walikubali kuondoka ubaoni kwenda upande usio na kina. Waliothubutu upande wa shimo walikuwa 3 tu.

Kifaa hicho nakiita poromoko la macho. Watoto wale hawakuwa na neno la "kina", wala hesabu ya umbali. Waliona pahali pasipotambalika.

Sasa tumefika kwenye istilahi yenyewe. Koffka alikuwa amefundisha kwamba vitu vinatuita: tunda linasema nile, maji yanasema ninywe. Lakini kwake mwito huo ulitegemea haja ya mtu. Sanduku la posta linamwita mwenye barua ya kutuma; barua ikishatumbukizwa, mwito umekwisha. Gibson alikataa hapo. Sanduku linatumika kwa kutuma barua, alisema, na linaendelea kutumika hivyo hata kwa mpita njia asiye na barua, mradi ni mtu wa jamii yenye posta. Sifa hiyo haizaliwi na kiu yangu wala haifi nikishakunywa. Pamoja na hayo haimo katika kitu peke yake kama uzito ulivyomo katika jiwe, maana inahitaji mwili wa aina fulani. Maji ya dimbwi yanamshikilia mdudu anayetembea juu yake, mimi nitazama.

Hebu tuipime kauli ya kutendeka kwa masharti hayo. Kauli ya kutendwa inamkaribisha mtendaji: mlima umepandwa na vijana. Kauli ya kutendeka haina nafasi yake. Huwezi kusema mlima unapandika na vijana. Sentensi imeondoa tendo mikononi mwa mtu na kuliweka kwenye mlima, hata kama hakuna aliyewahi kuupanda. Lakini mwili hauko mbali, maana ukitaka kuutaja kuna "kwa": kwa mtoto, ngazi hii haipandiki. Gibson alihitaji kurasa kadhaa kueleza kitu kisicho cha nafsi tupu wala cha kitu kitupu. Kiambishi chetu kimesimama papo hapo.

Kiingereza kina kiambishi cha vivumishi kinachokaribiana na hiki, na Gibson alikinyoosha kadiri kilivyokubali, akitunga maneno ya vistari kusema uso wa ardhi unasimamika au kiti kinakalika. Tofauti ni kwamba chetu kinabaki kitenzi. Kinapokea wakati na ukanushi: jana njia haikupitika, leo inapitika, mvua ikirudi haitapitika. Dunia ya Gibson ilikuwa hivyo, inayobadilika kwa tope na theluji na ukuaji wa viumbe.

Nambari zilikuja baada ya kifo chake. Mwaka 1984 mwanasaikolojia William Warren aliwaonyesha watu wafupi na watu warefu picha za ngazi zenye vidato vya kimo mbalimbali, akawauliza zipi wangeweza kuzipanda bila kutumia mikono. Kwa sentimita makundi yalitofautiana. Kwa kipimo cha miguu yao yalikubaliana: kidato kikizidi takriban asilimia 88 ya urefu wa mguu, ngazi haipandiki tena. Watu walikuwa wameona kwa macho mpaka ambao hesabu ya mwili inauthibitisha, na hakuna aliyepewa rula.

Kauli hii inafika mbali kuliko ngazi. Gibson aliandika kwamba katika yote yanayomzunguka mtu, wanaompa nafasi nyingi na tata zaidi ni watu wenzake. Nasi tunasema haambiliki, hashikiki, anaaminika, hatabiriki. Tunamwelezea binadamu kwa sarufi ileile tunayoitumia kwa barabara ya masika, na hatuoni ajabu.

Haikosi mipaka. Gibson alijumuisha ya shari: poromoko linampa mtu nafasi ya kuanguka, moto nafasi ya kuungua. Hapo -ika haitoshi, na Kiswahili huvuka kwenda kauli ya kutendesha: moto unaunguza, utelezi unaangusha, maji yanazamisha. Kitu kinachotusaidia tunakisema kwa tendo letu. Kinachotudhuru tunakifanya mtendaji. Kwa hiyo istilahi inayojumlisha yote inahitaji nomino isiyosifu wala kulaumu. Fursa inasifu. Uwezekano umeshapewa kazi katika hisabati. Napendekeza tendeko, kwa wingi matendeko. Badilika hutupa badiliko, poromoka hutupa poromoko. Tendeka itupe tendeko. Matendeko ya mahali ni yote yanayoweza kutendeka pale kwa kiumbe fulani, kupita na kuteleza pia.

Jambo jingine ambalo sarufi yetu inalisaidia ni tofauti ambayo Gibson aliithamini sana, ya kutoonekana na kutokuwepo. Mwaka 1969, pamoja na wenzake watatu, aliandika juu ya namna kitu kinavyopita kutoka kuonekana hadi kutoonekana. Mtu akipita nyuma ya ukuta, ukuta unammeza hatua kwa hatua kutoka upande mmoja, na tunaona kwamba bado yupo. Moshi ukiyeyuka hewani, hatuoni hivyo. Maneno tunayo na hayajachujuka: wa ukuta amefichika, moshi umetoweka.

Wapinzani wake hawakuwa wadogo. Mtafiti wa kuona David Marr, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1982 baada ya kifo chake mwenyewe, alimheshimu Gibson kwa kuuliza swali sahihi, kisha akasema alidharau ugumu wa kazi ambayo macho na ubongo hufanya ili kuyapata hayo yaliyomo katika mwangaza. Nadhani Marr alikuwa na haki, na kila aliyejaribu kuifanya mashine ione amethibitisha ugumu huo. Lakini jibu kuhusu ubongo halifuti swali kuhusu ngazi.

Mwaka 1988 mtaalamu wa usanifu Donald Norman aliihamishia istilahi ya affordance kwenye usanifu wa vitu vya kila siku, akieleza kwa nini watu wanausukuma mlango unaopaswa kuvutwa. Huko ikapinda. Wabunifu wakaanza kuita hivyo alama yoyote inayomwonyesha mtu pa kubonyeza, mpaka Norman mwenyewe akalazimika kuwakosoa. Mlango unavutika hata kama kitasa chake kinadanganya. Tendeko ni jambo moja, ishara ya tendeko ni jambo jingine, na anayetafsiri maandishi ya usanifu asiyachanganye.

Nina sababu ya leo kabisa ya kutaka jambo hili likae sawa. Katika mipangilio ya simu, nyenzo za watu wenye ulemavu huitwa zana za ufikivu, na neno hilo linaingia pia katika mijadala ya majengo. Tamati -vu kwa kawaida humpa mtu sifa ya tendo lake: msikivu husikia, mvumilivu huvumilia. Ufikivu kwa mantiki hiyo ungekuwa uhodari wa yule anayefika, kana kwamba aliyekwama chini ya ngazi ndiye mwenye upungufu. Ufikikaji unatokana na kufikika, na unaliweka suala pale lilipo, kati ya vidato vile na kiti kile cha magurudumu. Jengo la umma lenye vidato vitano mlangoni na bila mteremko halifikiki kwa mwenye kiti hicho, na sentensi hiyo inaweza kuandikwa katika ripoti ya mkaguzi kama ilivyo, kwa sentimita za kila kidato.